Lakiri ya Mihayo

Gari lilipokata kona ya kanisa na kuanza kupanda mlima kuelekea zahanati, Adelfina alilitambua kwa mlio wake. Ilikuwa Landrova ya Mihayo. Kabla ya Krismasi mlio huo ungemfanya avue aproni, ajitazame kwenye kioo cha dirisha, ajikemee moyoni: tulia wewe, usimwonyeshe. Leo aliendelea kuosha chupa za maziwa za mtoto. Aliisugua moja kwa brashi, akaisuuza, akaiinamisha juu ya kitambaa, akachukua nyingine. Alijisikiliza ndani kama mtu anayepapasa kwa ulimi mahali palipong'olewa jino. Hakukuta furaha wala hasira. Ganzi tupu.

Kalista, dada yake, alikuwa amezikwa wiki iliyopita.

"Ni yeye," alisema Sista Felisita kutoka mlangoni. Sista alikuwa mtawa mnene mwenye miwani mizito, mkunga na msimamizi wa zahanati ile ya masista pale Mugoma. "Fina, nimwambie unaumwa?"

"Siumwi, Sista."

"Najua huumwi. Nakuuliza, nimwambie?"

"Mwache aingie. Amekuja kazini."

Na kweli Mihayo Kazimili alikuwa amekuja kazini. Alikuwa mkaguzi wa leseni za redio za upepo, zile zinazozungumza kutoka kituo hadi kituo. Makao yake yalikuwa Mwanza, na eneo lake lilikuwa Ngara yote mpaka mpakani. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kila redio ina leseni, inatumia masafa iliyopewa, na aliyeshika kipaza sauti anafuata kanuni. Ndivyo walivyojuana na Adelfina, ambaye pale zahanati alikuwa msaidizi wa wauguzi asubuhi na mpiga redio mchana.

Siku ya kwanza kabisa, miaka miwili nyuma, Mihayo alikuwa amesimama nyuma yake akimsikiliza akiita hospitali, kisha akamkosoa.

"Umefunga mazungumzo kwa kusema 'Mungu awe nanyi'. Hiyo si kanuni, dada. Unafunga kwa jina la kituo."

"Kwani Mungu naye anahitaji leseni?" Adelfina alikuwa amemuuliza.

Mihayo alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akamweleza kwa upole kwamba upepo hauna mpaka. Sauti inayotoka Mugoma inaweza kumfunika rubani aliye angani mbali huko, au nahodha aliye baharini, ndiyo maana mataifa yote yalikaa pamoja yakagawana masafa kama ndugu wanavyogawana shamba. Alizungumza juu ya kanuni kama mtu anavyozungumza juu ya mama yake. Adelfina alimpendea hapo. Watu wengine walipenda maneno matamu, yeye alimpenda mwanamume aliyeogopa kumfunika mtu asiyemjua.

Uchumba ulikuwa na miiba. Mzee Idefonsi, baba yake Adelfina, alikuwa katekista, na hakutaka kusikia habari za mkwe Msukuma asiyebatizwa. Naye mama yake Mihayo, Mama Limi, aliyehamia Biharamulo na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, alisema msichana wa Kihangaza hatajua hata kukamua. Lakini Mihayo alianza mafundisho ya dini, Adelfina akaenda Biharamulo akajaribu kukamua na kupigwa teke, na wazee wakalegea kidogo kidogo. Harusi ilipangwa iwe baada ya Pasaka.

Kisha vikaja vita vya Kagera.

Amri ilitoka juu: redio zote za raia karibu na mipaka zifungwe, isipokuwa zenye kibali maalumu. Mihayo alikuja mwanzoni mwa Januari na mkoba wake wa ngozi. Alipitisha waya kwenye swichi ya redio ya zahanati, akaubana kwa lakiri yenye muhuri wa serikali, akabandika karatasi ya onyo ukutani. Siku ile hakumtazama Adelfina machoni. Adelfina alidhani ni haya ya kazi.

Sasa Februari ilikuwa inaisha, na Mihayo alisimama mbele yake tena, sare ya kaki imejaa vumbi jekundu, kofia mkononi. Alikuwa amekonda.

"Mwihangane," alisema kwa Kihangaza cha kujifunza. "Fina. Pole sana. Nilipata habari juzi tu, barabarani."

"Tumeshapoa."

Lilikuwa jibu la kila mfiwa, lakini Adelfina alilitamka kwa maana yake kamili. Alikuwa amepoa.

"Chumba cha redio kiko wazi," akaongeza. "Njoo uone ulichokuja kuona."

Chumba kilikuwa kidogo: meza, redio, betri ya gari sakafuni, viti viwili, na dirisha linalotazama migomba inayoteremka bondeni. Sista Felisita aliingia nyuma yao akasimama mlangoni, akakunja mikono. Mihayo alimtazama kama anayeomba wabaki wawili. Sista hakusogea.

Waya ulikuwa umekatwa. Lakiri ilining'inia upande mmoja.

Mihayo aliiangalia bila kuigusa. Kisha akakaa, akatoa karatasi, akakohoa.

"Ndugu Adelfina Nzeyimana," alianza.

"Leo mimi ni Ndugu?"

"Leo ndiyo. Samahani. Ni ukaguzi." Aliinyoosha karatasi. "Wasikilizaji wa jeshi wamesikia kituo kikiita kutoka upande huu, wakati vituo vyote huku vimefungwa. Nimetumwa kuuliza. Nani alikata—"

"Mimi."

"Ngoja. Usijibu haraka hivyo."

"Ulitaka nijibu polepole? Mi-mi."

"Fina, nisikilize." Aliinama mbele, sauti ikashuka. "Panya wanakula waya. Nimekuta hivyo mahali pengi, hakuna atakayeshangaa. Na huenda aliyesikika si ninyi. Walisikia sauti ya mwanamke tu, labda hawakupata jina la kituo vizuri..."

"Nilitaja jina la kituo."

"Unasema?"

"Nililitaja mwanzo na mwisho, kama ulivyonifundisha. Taratibu, nikalirudia. Waliponisikia walijua ni nani."

Mihayo alifumba macho. Kutoka wodini kilisikika kilio chembamba cha mtoto mchanga, kikanyamaza.

"Huyo ni...?"

"Mtoto wa Kalista," alisema Sista Felisita. "Msichana. Tumempa jina Niragira."

"Niliambiwa walikufa wote."

"Nawe ulikuja kuniuliza juu ya waya," alisema Adelfina. Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayesoma jina la dawa kwenye chupa.

"Basi niambie," alisema Mihayo. "Nitaandika utakachosema. Niambie ilivyokuwa."

Adelfina alikaa kwenye kiti chake cha zamani, mbele ya redio, mikono mapajani. Alieleza akitazama migomba.

"Walimleta kwa machela mchana, kutoka Mabawe. Uchungu ulikuwa umemshika tangu usiku wa kuamkia siku hiyo. Mtoto alikuwa amelala kwa upande tumboni. Sista alijaribu kumgeuza, akashindwa. Tulimtuma mtu kwa baiskeli kwenda hospitali, lakini wewe unaijua milima hii. Nikasubiri. Kalista alikuwa akinishika mkono, ananiambia, 'Fina, si una redio? Si uite?' Nikamwambia imefungwa. Akasema, 'Nani kafunga?' Nikanyamaza."

Mihayo hakuandika.

"Nikachukua mkasi wa kukatia vitovu. Waya wako ni laini, ulikatika kwa mara moja. Nikaita. Daktari alijibu, maana redio ya hospitali haikufungwa. Akaniambia gari la wagonjwa halipo, limechukuliwa kwenda mbele vitani. 'Lakini mimi nipo,' akasema. 'Twende pamoja. Nitakuambia, nawe umwambie Sista.' Ndivyo tulivyofanya. Yeye anasema, mimi napaza sauti kupitia ukuta huu, Sista anafanya. Weka mkono hivi. Shika mguu. Usivute, subiri. Mtoto akatoka. Hakulia, daktari akasema mpulizieni, tukampulizia, akalia. Halafu damu ikaanza kumtoka Kalista."

"Inatosha, Fina."

"Umesema nieleze." Alipumua. "Daktari aliendelea kusema la kufanya. Nami niliendelea kupaza sauti. Kalista alikuwa akiniita. Kwa jina, akiniita niende. Nilimsikia, ukuta wenyewe ni huu. Lakini ningeondoka, Sista asingemsikia daktari. Kwa hiyo dada yangu ananiita, nami ninasema, 'Nimekupata, daktari. Endelea.' Mara ngapi nilisema hivyo, Sista?"

"Sijui, mwanangu."

"Kisha hakuniita tena. Nikamwambia daktari kwamba amefariki. Akasema poleni. Nikataja jina la kituo, nikafunga. Tangu hapo sisikii kitu, Mihayo. Watu wanalia kwangu, nawapa kiti. Baba analia, namwekea maji ya kuoga. Ni kama niko ng'ambo ya ukuta bado."

Kalamu ilikuwa imelala juu ya karatasi. Mihayo alinyoosha mkono kuelekea wa Adelfina, akaurudisha kabla haujafika.

Sista Felisita alikunjua mikono.

"Na mimi nina swali moja, Ndugu Mkaguzi. Wenzetu wa Biharamulo, wale wenye zahanati kama hii, redio yao inafanya kazi mpaka leo. Dereva wa dawa ameniambia. Lakiri yao wao ni lakiri gani isiyofunga?"

Uso wa Mihayo ulibadilika. Adelfina aliuona ukibadilika. Alikuwa ameupenda uso ule kwa miaka miwili na hakuna kona yake asiyoijua.

"Wana kibali cha dharura," alisema Mihayo polepole.

"Kinatolewa na nani?"

"Makao makuu. Amri ilikuwa na kifungu cha wagonjwa na wazazi. Mkaguzi wa eneo anaandika ombi, anaeleza sababu, nao wanajibu. Kule Biharamulo mkaguzi ni mwenzangu. Alikuwa ameomba kabla."

"Na hapa mkaguzi ni nani?" Sista aliuliza, ingawa alijua.

"Ni mimi."

"Uliomba?"

Mihayo alitazama kofia yake. "Hapana, Sista."

"Mimi nilimpapasa Kalista mwezi wa kwanza," alisema Sista. "Nilijua mtoto amekaa vibaya. Wakati huo gari la wagonjwa lilikuwa bado linapita kila wiki, likiitwa. Likiitwa kwa redio! Nilimwandikia daktari barua, sijui ilifia wapi."

"Kwa nini hukuomba?" Adelfina aliuliza.

"Kila mtu ofisini anajua nimechumbia hapa. Walikuwa wananitania: Mihayo, kituo cha shemeji hukifungi? Wengine hawakuwa wanatania. Ni wakati wa vita, Fina. Niliona nikiomba kibali kwa kituo hiki peke yake, watasema nampendelea mchumba wangu. Wangenitilia shaka mimi, wangekutilia shaka na wewe. Nikasema moyoni, nitafunga kama ninavyofunga kwa mtu nisiyemjua. Niliona huo ndio uadilifu."

"Kwa hiyo ningekuwa mtu usiyemjua..."

"Fina."

"Malizia. Ningekuwa mtu tu, mpiga redio wa zahanati fulani, ungefanyaje?"

Mihayo alijibu kwa sauti ambayo karibu haikusikika. "Ningeomba."

Adelfina aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelezwa njia ya kwenda mahali akaielewa. Alingoja kitu kimjie kutoka ndani, kilio au tusi. Alimtazama mwanamume yule, mabega yake mapana, kovu dogo juu ya nyusi alilozoea kutamani kuligusa, na akajua kwamba huyu alimpenda, na kwamba mapenzi hayo ndiyo yaliyofunga waya. Alilijua jambo hilo kama anavyojua kwamba mvua itanyesha. Halikumuuma.

Nje kulisikika hatua nzito barazani. Mzee Idefonsi aliingia akiwa amevaa koti lake jeusi la Jumapili, rozari imezungushwa kiganjani. Alikuwa amesimama kwenye dirisha, akasikia.

Mihayo aliinuka haraka. "Shikamoo, baba."

Idefonsi hakuitikia. Adelfina hakuwahi kumwona baba yake akiacha shikamoo ya mtu ianguke chini.

"Usiniite baba," alisema mzee. "Nilipokukataa, watu walisema Idefonsi ana ubaguzi, Wasukuma nao ni watu wa Mungu. Nikajilaumu. Nikakufundisha sala kwa mdomo wangu mwenyewe. Kumbe nilikuwa namfundisha mtu wa kunizikia mtoto."

"Sina la kujitetea, mzee."

"Na sasa umekuja kumfunga huyu aliyebaki?"

"Nimekuja kuuliza. Anayehukumu si mimi."

"Basi andika." Idefonsi alijigonga kifua. "Andika mimi ndiye niliyekata waya. Idefonsi Nzeyimana, katekista. Mimi ni mzee, jela haitanibadilisha kitu. Andika!"

"Baba," alisema Adelfina, "wewe hata kuiwasha hujui."

"Nyamaza wewe!"

"Sinyamazi." Hakuinua sauti, lakini wote watatu walimgeukia. "Mihayo anataka kuandika panya. Wewe unataka aandike mzee. Mnanihurumia, asanteni. Lakini akiandika panya, basi hakuna mtu aliyemwitia Kalista msaada. Alikufa watu wakiwa wamekaa tu. Na huyu mtoto aliyeko wodini kaokolewa na nani? Na panya?" Alimgeukia Mihayo. "Andika kwamba niliita. Andika nilivyotaja kituo. Andika kwamba daktari alijibu na mtoto akapona kwa maneno yaliyopita kwenye redio uliyoifunga. Kila kitu andika. Dada yangu aliniita sikwenda. Sitaki na hilo la kutokwenda liwe la bure."

Idefonsi alivuta kiti alichokuwa amekalia Mihayo akakaa, ghafla akionekana mzee, akaanza kuhesabu rozari bila kusali.

Mihayo aliandika, ameinama juu ya meza. Aliandika kwa muda mrefu, kwa mwandiko wake wa kusimama, na jua likasogea kutoka kwenye meza mpaka sakafuni. Alipomaliza alisoma kwa sauti. Maneno yalikuwa makavu, ya kiofisi, lakini hakuna alichoruka. Kalista alikuwamo kwa jina. Mtoto alikuwamo.

"Kuna jingine," alisema, akasoma aya ya mwisho. "'Mkaguzi wa eneo alikuwa na wajibu wa kukiombea kituo hiki kibali cha dharura kabla ya kukifunga. Hakufanya hivyo, kwa sababu zake binafsi zisizohusiana na usalama wa nchi. Kosa hili ni la mkaguzi. Ninaomba kituo kipewe kibali mara moja. Mihayo Kazimili.'"

"Watakufukuza," alisema Sista Felisita.

"Huenda."

"Ungeweza kuliacha hilo."

"Amesema niandike kila kitu, Sista."

Adelfina aliweka sahihi yake. Kisha Mihayo akatoa mkobani waya mpya, na wote wakaelewa. Amri ilikuwa bado ni amri. Mpaka jibu litakaporudi, redio ilipaswa kufungwa tena.

Idefonsi alitoka nje kwa hasira. Sista alimfuata.

Waya ulimponyoka Mihayo mara kadhaa. Adelfina alimtazama anavyohangaika, kisha akainuka, akaushika waya upande wa pili, akaunyoosha ili aweze kuubana. Vidole vyao viligusana. Siku nyingine mguso kama huo ungemfuata mpaka kitandani. Alisubiri. Alihisi joto la ngozi tu, kama la kikombe.

Mihayo alikuwa analia bila sauti, machozi yakidondoka juu ya lakiri.

"Na sisi je?" aliuliza, bila kuinua kichwa. "Fina, mimi na wewe?"

"Sijui."

"Unanichukia?"

"Laiti ningekuchukia, ningekuwa na kazi ya kufanya. Nikitafuta ndani sikuti kitu, Mihayo. Si chuki, si pendo. Nenda. Usije mpaka nitakapojua."

"Na usipojua?"

"Basi hutakuja."

Alimsindikiza mpaka barazani, kwa kuwa mgeni husindikizwa. Landrova iliteremka mlima, ikapita kanisani, ikapotea nyuma ya mikaratusi. Adelfina akarudi kwenye chupa zake.

Jibu lilifika kabla ya Pasaka, likiletwa na ofisa mgeni. Zahanati ilipewa kibali cha dharura. Adelfina alipewa onyo kali, akakatazwa kushika kipaza sauti kwa mwaka mzima. Juu ya mkaguzi aliyetangulia, ofisa alisema tu kwamba ameondolewa kwenye ukaguzi na kupelekwa kaskazini pamoja na mafundi wanaosimamisha upya nguzo za simu nyuma ya jeshi. Kuna mabomu ya ardhini huko, aliongeza, kama anayezungumzia matope.

Adelfina alimfundisha Esperansia, msichana wa Mbuba, namna ya kuita na namna ya kufunga. Alimlea Niragira. Pasaka ilipita bila harusi, mvua za masika zikapita, vita vikaisha, na malori ya wanajeshi yakaanza kurudi yakiwa na matawi ya miti mbele. Watu walitoka barabarani kushangilia. Adelfina alitoka pia, mtoto mgongoni, akapunga mkono kwa sababu wengine walipunga.

Jioni moja Idefonsi alikuja kukaa naye jikoni. Walimenya maharage mabichi pamoja. Kisha mzee akasema, macho yakiwa kwenye ungo:

"Dereva wa dawa anasema yule kijana amerudi. Yuko kwa mama yake, Biharamulo. Ameumia mguu."

Adelfina aliendelea kumenya.

"Mimi siwezi kukuambia nenda. Moyo wangu hautaki. Lakini nimeona unavyoishi, mwanangu. Usibaki hapa kwa ajili yangu. Kalista nimemzika mara moja, sitaki kumzika kila siku ndani ya nyumba hii."

Alikwenda kwa lori la kahawa, Niragira mgongoni. Njia nzima alijiuliza anakwenda kufanya nini. Milima ikaisha, msitu ukaanza, na jibu halikuja. Alijua tu kwamba miguu yake ilikuwa imekubali.

Mama Limi alikuwa akianua nguo. Alimwona binti akiingia uani, akasimama na shuka mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mayu," aliitikia, akimwita mama kwa Kisukuma. Alimkagua kutoka kichwani mpaka vumbi la miguuni, macho yakaishia mgongoni. "Huyu ndiye?"

"Ndiye. Wa dada yangu."

Yule mwanamke aliyekuwa akisema Wahangaza hawajui kukamua alirudisha shuka kambani. Alimpokea mtoto, akamweka begani, akaingia naye ndani.

Mihayo alikuwa ameketi kivulini upande wa zizi, gongo kando yake, mguu mmoja umefungwa kitambaa. Alijaribu kuinuka. Adelfina akamwonyesha kwa mkono akae, naye akakaa karibu, juu ya kinu kilicholazwa.

"Umekuja," alisema Mihayo.

"Nimekuja."

"Umejua?"

"Bado." Alitazama ng'ombe. "Sijakusamehe. Sikujidanganya njiani kwamba nitakusamehe nikifika. Lakini kule nyumbani kila mtu ananitazama kama anayesubiri nilie. Nikafikiri, kuna mtu mmoja hatasubiri."

"Sitasubiri kitu, Fina. Kaa tu."

Walikaa. Alimwambia juu ya Niragira, kwamba anacheka sasa. Mihayo akamwambia juu ya nguzo, na juu ya fundi mwenzake, Faustini, aliyekuwa hatua chache mbele yake siku ile na hakurudi. Alisema kwa sauti bapa, isiyopanda wala kushuka, na Adelfina aliitambua. Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Akamtazama, kwa mara ya kwanza tangu Februari, kumwona hasa.

Mama Limi alitoka na bakuli la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa kwa karanga, akaliweka kati yao, akarudi ndani kwa mtoto. Adelfina alichukua kijiko. Tangu msiba alikuwa akila kama anayetimiza zamu, kwa kuwa saa ya kula imefika. Aliweka kijiko kinywani, akatafuna, akaacha.

"Vipi?" Mihayo aliuliza kwa hofu. "Kuna mchanga?"

Adelfina alitikisa kichwa. Viazi vilikuwa vitamu. Vilikuwa vitamu kweli, na karanga zilikuwa na chumvi, na alikuwa na njaa, njaa ya miezi, iliyomkaba ghafla kama mkono. Machozi yalianza kumtoka. Hakuyafuta. Alikula bakuli lote huku analia, kamasi zinamtoka kama mtoto, na Mihayo hakumshika wala kumbembeleza, alimsogezea tu bakuli karibu lilipokuwa linamteleza.

Lilipokwisha alivuta pumzi, akageuzia kichwa mlangoni.

"Mama," aliita kwa sauti iliyokwaruza. "Naomba niongeze."